Mji Mkongwe au Ng'ambo: Uhamie Upande Gani wa Darajani?

Anayetafuta nyumba ya kupanga mjini Unguja hukutana na swali moja hata kabla ya swali la kodi: upande upi wa Darajani? Upande wa baharini ndio Mji Mkongwe, nyumba za mawe zilizobanana na vichochoro ambavyo pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Upande wa pili ni Ng'ambo: Mlandege, Kisiwandui, Miembeni, Raha Leo, na yale majengo marefu ya Michenzani. Barabara inayopita katikati zamani ilikuwa maji. Palikuwa na mkono wa bahari ukiitwa Pwani Ndogo, watu wakiuvuka kwa daraja. Ndipo soko likapata jina la Darajani, na mitaa ya pili ikaitwa Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo hadi ukaisha kabisa katikati ya karne ya 20.

Nimekaa pande zote mbili. Miaka sita Kiponda, ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe, na sasa naingia mwaka wa tano Michenzani. Kwa hiyo watu hunijia kuniuliza: walimu waliohamishwa kutoka Pemba, vijana waliopata kazi hotelini, na ndugu zetu wa bara wanaokuja na picha za Mji Mkongwe walizoziona kwenye simu. Karibu wote wanafanya kosa lile lile, wanakwenda kuangalia nyumba asubuhi. Nyumba ya Mji Mkongwe saa nne asubuhi ni nzuri kila siku ya Mungu. Ina baridi, ina kivuli, na kichochoro kimetulia. Lakini saa nne asubuhi wewe utakuwa kazini. Nyumba utaikaa usiku, na ni usiku unaozitenga pande hizi mbili kuliko jambo lolote jingine.

Usiku wa Mji Mkongwe

Kwanza, usiku wa Mji Mkongwe si mmoja. Mtaa mzima una ukubwa wa hekta 96, haufiki kilomita moja ya mraba, lakini ukitembea dakika tano umeingia kwenye usiku mwingine kabisa.

Shangani na ufukwe wake ndiko kwenye hoteli, baa na muziki wa juu ya mapaa. Siku za Ijumaa na Jumamosi, na hasa msimu wa watalii wa Juni hadi Oktoba na ule wa mwisho wa mwaka, usitarajie utulivu kabla ya saa saba au saa nane usiku. Muziki wenyewe unazoeleka. Kisichozoeleka ni kutoka kwa watu, yaani ile nusu saa wanaposimama chini ya dirisha lako wakiagana, vespa zikiwashwa moja baada ya nyingine, na kila sauti ikipanda baina ya kuta kama imo ndani ya mtungi.

Forodhani ni usiku wa chakula. Jua likizama meza zinapangwa bustanini, taa zinawashwa, samaki, mishikaki na pweza wanaingia kwenye makaa, mashine za juisi ya miwa zinaanza kusaga. Bustani ile ilifanyiwa matengenezo makubwa ikafunguliwa tena 2009, na tangu hapo familia za mjini zimerudi kwa wingi, si watalii peke yao. Ukikaa nyumba ya jirani, moshi wa makaa utakuwa sehemu ya mapazia yako. Hapo hapo nyuma yake pana Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ndani ya kuta zile ndimo lilimokua tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, na lile la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004. Mimi usiku wa tamasha nilikuwa nafungua madirisha yote. Jirani yangu aliyekuwa na mtoto mchanga alikuwa anahamia kwa dada yake Mwanakwerekwe hadi tamasha liishe. Wote wawili tulikuwa na haki.

Sokomuhogo ni usiku wa mazungumzo. Pale Jaws Corner birika la kahawa likishakaa juu ya makaa, mabaraza yanajaa wanaume na dhumna, karata, mpira na siasa. Hakuna muziki, lakini pana sauti za watu ishirini wanaobishana kuhusu jambo lililotokea kabla hawajazaliwa, na kichochoro hakipotezi hata neno moja. Hukoma saa tano, pengine saa sita. Kwangu hiyo ndiyo sauti nzuri kuliko zote za mji, na niliilalia vizuri. Kwa mwenye usingizi mwepesi ni mateso.

Kiponda na Malindi hulala mapema, ila Malindi huamka mapema pia, kwa sababu ya bandari na soko la samaki. Kabla ya alfajiri utasikia magari, mikokoteni na wanunuzi. Vuga ina barabara pana na magari, ni usiku wa kawaida wa mji wowote.

Halafu iko adhana ya alfajiri. Ndani ya hekta hizo 96 mna misikiti kwa makumi, na haianzi kwa pamoja. Mmoja unaanza, wa pili unafuata, mpaka adhana inakuwa kama inazunguka juu ya mapaa. Kwa wengi wetu hiyo si kelele, ndiyo saa ya mji. Lakini mgeni ajue mapema, maana nimeona mtu akivunja mkataba mwezi wa pili kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba hakumrejeshea kitu.

Usiku wa Ng'ambo

Watu hudhani Ng'ambo ni kimya. Hapana. Ila sauti yake ina mwenyewe unayemjua. Turubai likifungwa njiani Miembeni, ni harusi ya mtoto wa fulani, na spika za taarab zitalia mpaka usiku mkubwa. Tofauti ni kwamba umealikwa, au mkeo amealikwa, au sahani ya biriani itapanda ngazi kukufuata. Baa ya Shangani inapiga kila wiki na mteja wake habadiliki, ni mgeni. Harusi ya jirani hupiga siku mbili tatu, kisha mtaa unarudi kulala.

Michenzani usiku ina watoto wanaocheza chini ya taa, wauza chipsi, vijana mabarazani upande wa Kisonge. Majengo yenyewe yalitokana na mpango wa mji wa 1968 uliochorwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ujenzi ukaendelea miaka ya 1970. Wazee huziita nyumba za maendeleo, vijana huziita treni, kwa urefu wake. Jengo moja linaweza kufika mita 300. Mtu akipiga kelele kwenye ngazi yake, wewe wa ngazi ya nne huwezi kusikia. Wa ngazi yako mwenyewe utamsikia hata akitafuta funguo.

Ramadhani inabadilisha pande zote mbili. Mjini baa zinatulia, mikahawa mingi inafunga mchana, na Shangani inakuwa mahali pa kulala kwa mara moja katika mwaka. Ng'ambo ndiyo inachangamka: futari zinapita kutoka nyumba hadi nyumba, tarawehe, kisha daku. Ukitaka kuujua mtaa utakaohamia, uangalie mwezi huo kama unaweza.

Utamaduni uko wapi hasa?

Hapa nina neno. Madalali wanauza Mji Mkongwe kwa jina la utamaduni, kana kwamba ukivuka barabara unauacha nyuma. Historia haisemi hivyo. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akaja mjini, akakaa Ng'ambo, na nyimbo zake za Kiswahili zilitoka kwa watu wa huko: wapagazi, wavuvi, wanawake waliopanga vyumba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Mwaka huo huo watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi. Kabla ya Siti taarab ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye majumba ya wakubwa, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa ya upande wa mawe. Muziki tunaojivunia leo ulizaliwa kwa kuvuka lile daraja huku na huku.

Hata sasa ni vivyo. Ukitaka jukwaa, matamasha, maonyesho, mazoezi ya Culture Musical Club pale Vuga, uko Mji Mkongwe. Ukitaka kidumbak, ile taarab ya ngoma ndogo ya kuchezea, kwenye harusi, ngoma za mtaani, fundi wa kutengeneza ngoma zenyewe, waimbaji wakiwa nyumbani kwao na si jukwaani, vuka. Msanii kijana akiniuliza akae wapi, namwambia akae Ng'ambo na afanyie kazi mjini. Atapata chumba cha kupigia ala bila kugombana na hoteli ya jirani, na jioni atashuka Forodhani kwa miguu. Kutoka Michenzani ni robo saa, dakika ishirini ukikutana na watu njiani, na utakutana nao.

Jambo hili wanaotafuta nyumba hulisahau: huhitaji kulala Mji Mkongwe ili uwe na Mji Mkongwe. Mimi sasa nina Forodhani zaidi kuliko nilivyokuwa Kiponda, kwa sababu nakwenda nikitaka na narudi nikitaka.

Nyumba yenyewe

Nyumba ya mawe inataka uijue kabla ya kuipenda. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha mkono mzima kuingia dirishani kabla haujatoka nje. Sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hazivuki sana mita tatu, ndiyo sababu vyumba vya mji ni virefu na vyembamba. Ukuta ule mnene ndio unaokupa baridi mwezi wa Februari, wakati Michenzani ghorofa ya juu saruji inatoa joto mpaka usiku wa manane. Kwa joto, Mji Mkongwe unashinda, na haushindwi na feni yoyote.

Lakini chokaa ina tabia yake. Inapitisha unyevu. Masika ikinyesha, kuanzia Machi hadi Mei, ukuta unakunywa maji, na jua likirudi unayatoa. Mwenye nyumba mwenye haraka akipiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unafungiwa ndani. Utaona chumvi nyeupe kama unga inatoka chini ya rangi, plasta inavimba, inaanguka vipande. Hapo tatizo bado ni dogo. Kubwa ni kwenye ncha za boriti, zile zilizoingia ukutani, kwa sababu ndipo zinapooza na ndipo usipopaona.

Nilipokuwa Kiponda fundi mmoja mzee alinifundisha kukagua. Alipanda kwenye kiti, akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akaanza katikati ya boriti: kisu hakikuingia. Akasogea kuelekea ukutani, shibiri moja moja, akichoma. Chini ya bafu la ghorofa ya juu kisu kiliingia hadi mpini, bila nguvu, kama kinaingia kwenye keki. Akaniambia nihamishe kitanda cha watoto kutoka chini ya mahali pale siku hiyo hiyo. Tulihamisha. Boriti tatu zilibadilishwa baada ya wiki sita za kumfuata mwenye nyumba.

Si hofu ya bure. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 na fahari ya mji mzima, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo ukienda kukagua nyumba, anza na dari chini ya mabafu. Gusa ukuta kwa kiganja, si kwa kidole. Angalia mfereji wa bati unamwaga wapi, kwako au kwa jirani. Kisha toka nje utazame na nyumba za jirani, maana zimeegemeana. Ukiona nguzo za mbao zimezuia ukuta kichochoroni, uliza zimekaa miaka mingapi.

Jambo jingine, huruhusiwi kufanya utakavyo. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985 na umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Kubadilisha dirisha, kuongeza ghorofa, kung'oa roshani, kutundika kiyoyozi upande wa njia, yote yanataka kibali. Mimi naunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, maana bila hiyo milango na roshani zingekuwa zimeshauzwa. Ila mpangaji aelewe kwamba tundu la bomba linaweza kumchukua muda kuliko alivyozoea. Ng'ambo, kwenye nyumba za mtu binafsi, unaelewana na mwenye nyumba na mambo yanakwisha. Michenzani huwezi kugusa kuta, lakini hakuna haja ya kuzigusa.

Maji, ngazi na mizigo

Maji ni shida ya pande zote mbili, na hapa Michenzani haina cha kujivunia. Ghorofa za juu presha haifiki, na asubuhi utaona ndoo na madumu yakipanda. Hakuna lifti. Mji Mkongwe nao una ngazi za mbao zilizosimama wima na visima vya zamani uani ambavyo vingi vina chumvi. Uliza maswali manne: tangi ni la lita ngapi, liko juu au chini, pampu ni ya nani, na umeme wa pampu uko kwenye mita ya nani. La mwisho ndilo linalogombanisha watu.

Kwa mizigo, hakuna mashindano. Mwaka wangu wa kwanza Kiponda nilinunua friji Darajani. Gari lilitufikisha mwisho wa lami, hamali wawili wakaipokea kwa mkokoteni. Kona ya pili mkokoteni haukukata, wakaibeba. Kwenye ngazi yetu, pale inapopinda, friji ikakwama, haipandi wala haishuki. Ikabidi ing'olewe mlango, ishushwe, kisha ipandishwe kwa kamba kupitia dirisha la mbele, na wanaume wa barazani waliacha kahawa yao wakaja kuvuta. Siku ile nililipa hamali mara tatu ya tulivyopatana, na ilikuwa halali yao.

Friji ni kicheko ukilinganisha na mgonjwa. Mama mkwe alizidiwa usiku mmoja wa masika. Tulimshusha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, watu wanne, mmoja akiwa mbele na tochi ya simu, hatua moja moja, kisha kichochoroni kwenye maji ya mvua mpaka barabarani lilipokuwa gari. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu sana na Mji Mkongwe. Njia ya gari haikuchukua muda hata kidogo, ngazi na kichochoro ndivyo vilivyotula. Alipona, alhamdulillahi, lakini mwaka ule ndipo tulipoanza kutafuta nyumba Ng'ambo. Mwenye mzazi mtu mzima, mjamzito, au mtu asiyeweza kutembea vizuri, namwambia bila kuzunguka: Mji Mkongwe chukua ghorofa ya chini karibu na barabara, au usichukue.

Pesa na mkataba

Shangani ni ghali kuliko kwote, kwa sababu unashindana na mgeni anayelipa kwa usiku. Hata ukipata chumba kwa bei nzuri, msimu ukikaribia mwenye nyumba atatamani kukutoa akapangishe kwa siku. Andikisha mkataba wa mwaka mzima na iandikwe wazi kwamba hakuna kuhamishwa katikati. Ng'ambo kodi ni nafuu, lakini kote wenye nyumba wanapenda kulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Jipange.

Zaidi ya kodi, jua mwenyewe ni nani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, nyingine ni za wakf, nyingine ni za watu binafsi, na nyingine za warithi kumi waliotawanyika Dubai, Muscat na London. Anayekuonyesha nyumba aghalabu ni mpangaji anayempangisha mpangaji. Usitoe kilemba, yaani pesa ya kuingilia nyumba, kwa mtu asiye na karatasi. Nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia ile. Utatakiwa kujitambulisha kwake ukihamia kwa vyovyote, basi bora uende kabla ya kulipa, umuulize nyumba hiyo ni ya nani na ina kesi gani. Anajua.

Majirani

Hili sikulitegemea nilipohama. Kichochoro chetu Kiponda kilikuwa na milango tisa nilipofika, na familia nyuma ya milango minane. Nilipoondoka zilibaki nne. Mingine ilikuwa imegeuka vyumba vya wageni, duka la vinyago, na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli lenye kutu. Hakuna aliyefukuzwa. Walipata bei, wakajenga Fuoni au Kiembesamaki, wakaenda. Lakini watoto wangu walibaki na wenzao wawili wa kucheza nao, na mwanamke aliyekuwa akituamkia kila asubuhi kutoka roshani ya mbele akawa hayupo. Mji wenye watu wengi hivyo njiani, na jioni hujui umwachie nani mtoto dakika kumi.

Michenzani mtoto wangu akitukana ngazini nitaambiwa kabla hajafika nyumbani. Hilo lina uzito wake pia. Mwanamke anayekaa peke yake, au kijana anayetaka kuingia na kutoka bila kuulizwa, atakuta Ng'ambo macho ni mengi, na Mji Mkongwe, kwa sababu umezoea wageni, unamwacha na mambo yake. Nimewasikia wanawake wenye kazi za usiku hotelini wakichagua Mji Mkongwe kwa sababu hiyo tu, na pia kwa sababu wanarudi kwa miguu bila kutafuta usafiri saa sita. Wanatembea wawili wawili, kwa njia zenye watu, na wanaepuka vichochoro vitupu. Ni uamuzi wa maana na sina la kuongeza.

Mimi ningemweka nani wapi

Mtu peke yake au wawili bila watoto, wenye kazi mjini, wenye miguu mizima na mapenzi ya kweli na mji: Mji Mkongwe, na ndani yake Kiponda au Sokomuhogo, si Shangani. Miaka miwili mitatu ya hapo hamtaisahau. Anayefanya kazi ya baa au hoteli mpaka usiku, Shangani haina ubaya kwake, atarudi muziki umezimwa. Mwandishi au mwanafunzi, ghorofa ya juu Malindi nyuma ya soko, mbali na njia ya magari.

Familia yenye watoto wa skuli, Ng'ambo, na kama ni Michenzani basi ghorofa ya kwanza au ya pili kwa ajili ya maji. Wazee, Ng'ambo nyumba ya chini yenye baraza, Miembeni au Kisiwandui, ambako mtu akikaa nje anasalimiwa na watu hamsini kwa siku. Mwenye gari, usijisumbue na Mji Mkongwe. Utaliegesha mbali na utalifikiria usiku kucha.

Na ukishaichagua nyumba, kabla hujatoa hata shilingi, rudi Ijumaa au Jumamosi saa nne usiku. Mwombe dalali akufungulie chumba cha kulala, zima taa, fungua dirisha, kaa sakafuni nusu saa bila simu. Rudi tena siku ya mvua kama msimu unaruhusu. Ukishuka, bisha hodi ghorofa ya chini, jitambulishe, uliza maji yanatoka siku gani na nani alikaa juu kabla yako na kwa nini alihama. Ukiondoka, hakikisha unayo namba ya simu ya jirani huyo. Ya dalali utakuwa nayo tayari.